Mzigo huvuka na cheti, mtoto asiyesema huvuka na nini?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara yeyote anayepita Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, anajua kwamba mzigo usio na karatasi ni matatizo. Gunia la maharage lina cheti chake. Hata wale wenye mtaji mdogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwawekea cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ili wasizungushwe kama wenye makontena. Karatasi hiyo inaeleza mambo machache tu: bidhaa ni gani, imetoka wapi, ni ya nani. Afisa wa upande wa pili hana haja ya kumfahamu mwenye mzigo. Anasoma, anagonga muhuri, mzigo unapita.

Katika foleni hiyo hiyo huvuka pia watoto ambao hawawezi kujieleza kwa maneno. Wengine wana utindio wa ubongo, wengine usonji, wengine walipoteza usemi baada ya malaria kupanda kichwani au baada ya homa ya uti wa mgongo, na wengine hawasikii na hawakupata kufundishwa lugha ya alama. Mtoto wa namna hii akiugua upande wa pili wa mpaka hufikishwa mbele ya muuguzi asiyemjua, na hakuna karatasi yoyote inayoeleza jambo la kwanza ambalo muuguzi angepaswa kulijua: mtoto huyu husemaje "ndiyo", na huonyeshaje kwamba anaumia.

Suala hili halizungumzwi sana, pengine kwa sababu wahusika wenyewe hawasemi, na wazazi wao wako njiani wakitafuta riziki. Hoja ya makala haya ni moja. Lugha ya mtoto asiyesema mara nyingi imehifadhiwa katika kichwa cha mtu mmoja, naye ni mama yake. Katika maisha ya kurejea nyumbani na katika biashara za mpakani, mtu huyo mmoja ndiye anayekuwa mbali siku anapohitajiwa. Basi lugha hiyo haina budi kutolewa kichwani na kuwekwa mahali ambapo wengine wataisoma.

Siku ambayo mama hayupo

Tuchukue mfano ambao wasomaji wetu wengi wataufahamu hata bila kutajiwa majina. Mama alikulia kambini Nyarugusu, akajifungua Nduta. Mwanawe wa kiume, ambaye sasa ana miaka saba, ana utindio wa ubongo na hasemi. Akitaka kusema "ndiyo" huinua macho juu. Akikataa hugeuza uso. Tumbo likimuuma hujing'ata mgongo wa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemfundisha haya. Aliyabuni mwenyewe, na mama akayasoma polepole, kama mtu anavyojifunza njia ya porini kwa kuipita mara nyingi.

Familia ikarejea Burundi. Mama akaanza kuuza dagaa na vitenge, akawa anavuka mpaka siku tatu kwa wiki. Mtoto akabaki na bibi yake. Jumanne moja mtoto akakataa chakula, akajing'ata mkono mpaka ukatoka damu. Bibi akambeba mpaka kituo cha afya.

"Bibi, mtoto ana nini?"

"Sijui, mwanangu. Tangu jana hataki kula."

"Anasema panamuuma wapi?"

"Huyu hasemi."

Muuguzi akapima malaria, hakuiona. Akakitazama kidonda cha mkono, akakisafisha, akatoa dawa ya kupaka. Katika daftari la matibabu akaandika kwamba mtoto hali chakula na hasemi. Bibi akashukuru, akaondoka. Alhamisi mama aliporudi hakuhitaji hata kuingia ndani. Alimwona mtoto kutoka mlangoni, akauliza: "Amekwenda choo lini?" Ilikuwa siku ya tano. Yeyote anayewaangalia watoto wenye utindio wa ubongo anajua kwamba kufunga choo ni shida yao ya kawaida kabisa, nayo huuma sana. Kidonda kilichotibiwa kilikuwa neno ambalo mtoto amelitamka siku nne mfululizo. Walitibu neno, wakaacha maana yake.

Katika mfano huu hakuna mwenye nia mbaya. Muuguzi alifanya alichofundishwa, na bibi alisema alichokijua. Lakini kuna jambo moja ambalo hupita bila kuonekana. Nyumbani alikuwapo mtu wa pili aliyeifahamu lugha ya mtoto yule, naye ni dada yake wa miaka tisa, anayelala naye, anayemlisha na kucheza naye. Hakuna aliyemuuliza kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtoto, na siku ile alikuwa shuleni.

Tulichokiacha kambini

Wasomaji wanaotoka katika familia za wakimbizi wa mwaka 1972, waliokaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wanakumbuka vizuri misukosuko ya lugha pale maelfu yao waliporejea miaka ya 2008 na 2009. Watoto waliosoma kwa Kiswahili walikuta Kirundi na Kifaransa darasani. Suala hilo lilijadiliwa na wazazi, walimu na wakuu wa serikali, kwa sababu mtoto anayefeli shule huonekana. Tangu Septemba 2017, mpango wa kurejea kwa hiari kutoka Tanzania ulipoanza, zaidi ya Warundi 200,000 wamerudi nchini, na suala la lugha limerudi pamoja nao.

Habari za hospitali hazikujadiliwa kama habari za shule. Mtu anayerudi hufunga godoro, sufuria, baiskeli na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi za zahanati ya kambini akizibeba, mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na huku atakutana na muuguzi anayeandika kwa Kifaransa na kuzungumza Kirundi. Hilo bado lina tiba, maana karatasi hutafsirika. Kisichotafsirika ni kile ambacho hakikuandikwa kamwe: kwamba yule muuguzi wa kambini, baada ya kumwona mtoto kwa miaka minne, alikuwa ameshajua maana ya macho yanayoinuliwa juu. Ujuzi huo ulibaki upande wa pili na mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba mpaka wenyewe haueleweki siku zote. Mwaka 2020 mipaka mingi ya ukanda huu ilifungwa kwa sababu ya korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Siku kama hizo wapo wanaokwama upande mmoja na watoto wao upande wa pili. Mzazi mwenye mtoto anayesema hupiga simu na kumuuliza mwanawe hali. Mzazi wa mtoto asiyesema humuuliza jirani, na jirani hana la kujibu zaidi ya "yupo tu".

Wala tusidhani kwamba watoto hawa ni wachache. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2021 kwamba dunia ina watoto wenye ulemavu karibu milioni 240. Si wote wasiosema, lakini katika nchi zetu sababu za kupoteza usemi ziko karibu na kila nyumba: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo, ukaona kwamba miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, ama kumbukumbu, ama umakini. Tunashangilia mtoto anapopona, na ni haki yetu. Hata hivyo tunapaswa kujiandaa kwa yule aliyepona na kubaki bila maneno.

Asiyesema huumia vilevile

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulio kichwani mwa mwingine huonekana mwepesi. Maumivu ya mtoto asiyesema yamehukumiwa hivyo kwa miaka mingi, si hapa kwetu tu bali hata katika nchi zilizoendelea. Kwa muda mrefu waganga waliamini kwamba asiyeweza kueleza maumivu basi huenda hayasikii sana. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya neno "maumivu", kilieleza waziwazi kwamba kushindwa kuwasiliana hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumia, na kwamba maneno ni njia moja tu kati ya njia nyingi za kuonyesha maumivu.

Njia za kuyapima zipo, na hazihitaji mashine. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walitoa kipimo cha mambo matano ambayo muuguzi huyatazama kwa macho yake: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na jinsi mtoto anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla haizidi 10. Mtoto aliyekunja uso, anayetupa miguu, aliyejikunja, anayelia mfululizo na asiyebembelezeka ana alama za juu, hata kama hajatamka neno.

Baadaye wataalamu hao waligundua upungufu katika kazi yao. Kuna watoto wenye utindio wa ubongo ambao miguu yao hukakamaa kila siku, hata wakiwa na furaha. Wengine hawalii kabisa wanapoumia, bali hunyamaza na kuwa kama wamelala. Wako hata wanaocheka. Kwa hiyo mwaka 2006 kipimo kilirekebishwa na kuongezewa nafasi ambapo mzazi anaeleza alama za mtoto wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba wataalamu wenye vifaa vyote walikiri kuwa bila mtu anayemjua mtoto, kipimo chao kina kasoro. Nchini Kanada nako iliandaliwa orodha maalumu ya dalili za maumivu kwa watoto wasioweza kuwasiliana, nayo inaweza kujazwa na mzazi au mlezi wa mtoto.

Funzo kwetu si dogo. Kile ambacho mama wa sokoni anakijua, yaani kwamba mkono uking'atwa ni tumbo, si uvumi wa nyumbani. Ni taarifa ya kitabibu. Inastahili kuandikwa kwenye daftari sawasawa na uzito na joto la mwili.

Kosa jingine, ambalo ni kubwa zaidi, ni lile la kuhusisha kila kitu na ulemavu. Mtoto anapiga kichwa ukutani, watu wanasema ndivyo walivyo wenye usonji. Huenda ni sikio linalotoa usaha, huenda ni jino lililooza. Mtoto mwenye utindio wa ubongo analia kila anapogeuzwa, watu wanasema ni ugonjwa wake. Huenda nyonga imechomoka. Kanuni ya kufuata ni rahisi: tabia ikibadilika ghafla, tafuta kwanza maumivu. Aliyekuwa anakula ameacha, aliyekuwa analala halali, aliyekuwa anakubali kushikwa mguu leo anaukataa. Hilo ni badiliko, na anayeweza kuliona ni yule tu anayejua mtoto alikuwaje juzi.

Lawama igawanywe kwa haki

Wapo watakaosema kwamba wauguzi wetu hawana huruma. Sisi hatukubaliani na hukumu ya jumla namna hiyo. Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi ilipotangaza matibabu bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua, vituo vya afya vilifurika, na idadi ya wauguzi haikupanda kwa kasi ya foleni. Muuguzi mmoja mwenye benchi lililojaa mama na watoto ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Katika dakika hizo mtoto anayejibu hula muda mfupi, na asiyejibu huonekana anakula muda wa wenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, dakika zinazookolewa kwa kutouliza hulipwa baadaye kwa riba. Mtoto akikamatwa na watu wanne ili achomwe sindano ya haraka, safari ya pili ataanza kupiga mayowe getini, na safari ya tatu itahitaji watu sita. Tumbo lisilogunduliwa Jumanne hurudi Ijumaa likiwa limevimba. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hiyo si kubana matumizi bali ni hasara iliyoahirishwa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wapo wanaomficha mtoto nyumbani kwa kuogopa maneno ya watu, na humleta hospitali hali ikiwa mbaya. Wapo wanaojibu kila swali kwa niaba yake hata lile ambalo mtoto angelijibu kwa macho, mpaka muuguzi anaamini kuwa mtoto haelewi chochote. Wapo pia, na hili hutokea kwa wauguzi vilevile, wanaozungumza juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba hayupo: "Huyu hatapona", "Huyu ni mzigo tu". Kutosema si kutosikia. Watoto wengi wasiosema wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kuonyesha, na maneno hayo huyabeba nyumbani bila kuwa na njia ya kuyajibu. Asiyesikia kweli naye husoma nyuso. Ndiyo sababu mtoto yeyote asiyesema anapaswa kupimwa masikio mapema, kabla ya kuhukumiwa akili.

Mfano wa kadi ya njano

Turudi mpakani. Kuna karatasi moja ya afya ambayo kila mvukaji anaijua, nayo ni kadi ya njano inayothibitisha chanjo ya homa ya manjano. Ina umbo moja katika nchi zote. Kanuni za Afya za Kimataifa zinataka ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na zinaruhusu lugha nyingine iongezwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Afisa wa afya haulizi ulichanjwa na nani, anasoma. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba nchi haziwezi kukubaliana juu ya karatasi ndogo ya afya inayoeleweka pande mbili. Zimeshakubaliana.

Nchini Uingereza watu wenye ulemavu unaowazuia kujieleza hubeba hospitalini kijitabu kinachoitwa pasipoti ya hospitali, chenye maelezo ya jinsi wanavyowasiliana, wanachokiogopa na namna ya kuwasaidia. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Pasipoti humtambulisha mtu mahali ambapo hakuna anayemjua.

Kwa mzazi wa kwetu haihitajiki fedha wala ruhusa ya mtu. Karatasi moja ya daftari inatosha, ikibandikwa ndani ya jalada la daftari la matibabu au la kadi ya kliniki. Mistari sita inatosha:

Kwanza, jinsi mtoto anavyosema ndiyo na hapana. Pili, anavyofanya akiumia, na ikiwezekana, kila ishara inahusu sehemu gani ya mwili. Tatu, anachokiogopa: koti jeupe, kulazwa chali, kushikwa kichwa, kelele. Nne, kinachomtuliza: wimbo fulani, kitambaa, kukalishwa mapajani. Tano, anavyokula, anavyokunywa na anavyopaswa kukalishwa ili asipaliwe. Sita, watu wawili wanaoielewa lugha yake pamoja na namba zao za simu, na tarehe karatasi ilipoandikwa. Tarehe ni muhimu, kwa sababu mtoto hukua na ishara hubadilika. Karatasi ya miaka mitatu iliyopita inaweza kupotosha.

Iandikwe kwa Kirundi na Kiswahili kwa anayevuka kwenda Tanzania. Mwenye ndugu anayejua Kifaransa au Kiingereza aongeze. Mama asiyejua kuandika asione haya. Mwanafunzi yeyote wa jirani ataandika huku mama akisema. Lakini kabla ya kuandika, ulizeni watoto wa nyumbani. Dada au kaka anayeshinda na mgonjwa mara nyingi anajua ishara ambazo mama anayesafiri hajaziona bado. Jina lake na liwemo katika mstari wa sita hata kama ana miaka tisa, na siku ya hospitali isiyokuwa na mama, aende yeye pamoja na bibi. Shule itamngoja siku moja.

Ndani ya chumba cha matibabu

Karatasi peke yake haitoshi ikiwa hakuna anayeitumia. Mzazi aikabidhi kabla ya swali la kwanza, aseme: "Daktari, mtoto huyu haongei, lakini anajibu. Anajibu hivi." Sentensi hiyo fupi hubadilisha mengi, kwa sababu humwambia muuguzi kwamba mbele yake kuna mgonjwa wa kuzungumza naye, si mzigo wa kupimwa.

Kwa upande wa muuguzi, mambo yenyewe ni madogo. Amsalimie mtoto kwa jina, macho yakiwa usawa wa macho yake. Aulize swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, kisha asubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Mtoto mwenye utindio wa ubongo huweza kuhitaji sekunde kumi au zaidi ili macho au mkono utii, na wengi wetu huuliza swali la pili kabla jibu la kwanza halijafika. Aguse sehemu moja moja ya mwili, mkono, tumbo, sikio, huku akitazama uso. Chombo cha kusikilizia moyo akiweke kwanza kwenye mkono wa mama au wa mwanasesere, mtoto akione, ndipo akiweke kifuani pake. Lenye kuuma lifanywe mwisho, mtoto akiwa amepakatwa badala ya kulazwa, naye aambiwe ukweli: "Itauma kidogo, kisha itaisha." Kumwambia haiumi ni kumfundisha kwamba watu wa hospitali ni waongo, na hilo hatalisahau.

Picha nazo husaidia. Mchoro wa mwili wa mtoto uliochorwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari humwezesha mwenye mkono unaotii kuonyesha panapouma. Anayeweza kutazama tu aonyeshwe vitu viwili, kikombe na blanketi, ili macho yake yaseme ni kiu au ni baridi.

Sheria zipo, ukurasa haupo

Kwa upande wa sheria, nchi zetu hazina upungufu mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua kwamba mawasiliano si maneno ya kinywa tu, bali ni pamoja na ishara, mguso na njia mbadala. Unataka pia mtoto mwenye ulemavu asikilizwe katika mambo yanayomhusu na asaidiwe ili asikilizwe. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Kongo mwaka 2015. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Burundi ilipata sheria yake Januari 2018.

Pengo liko kati ya sheria na benchi la kituo cha afya. Kadi ya mtoto ina nafasi ya uzito, ya chanjo na ya dawa ya minyoo. Ukurasa mmoja wenye mistari sita hauwezi kuifilisi wizara yoyote. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Basi ukurasa huo unaweza kuchapwa kwa lugha hizo na kutumika kuanzia Bujumbura hadi Mombasa. Mahali pa kuanzia pako wazi, nako ni kwenye vituo vya kuwapokea wanaorejea, ambako kila familia huandikishwa na kupimwa afya. Swali moja likiongezwa pale, "Je, yupo mtoto asiyetumia maneno, na anawasilianaje?", lugha ya mtoto huyo itakuwa imevuka mpaka pamoja naye.

Wapo watakaohofia kwamba karatasi ya namna hii itamtia mtoto alama na kumletea dharau. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana tunasema iandikwe anavyowasiliana na wala si majina ya magonjwa, na ikae ndani ya jalada, si kifuani. Mzazi ndiye mwenye kuitoa na ndiye mwenye kuirudisha.

Wakati tukingoja wizara, biashara haisimami. Kesho alfajiri wapo kina mama watakaofunga mizigo yao ya dagaa, wakague vyeti vyao mara mbili kwa tochi ya simu, kisha wamwache mtoto na bibi wakielekea Kobero. Kabla ya kufunga mlango watoe robo saa kwa karatasi nyingine, wamwamshe yule binti wa miaka tisa wamuulize: "Mdogo wako akiumwa tumbo, hufanyaje?" Atakachojibu kiandikwe kabla gari halijaja.